Mzazi Mmoja, Ofisi Saba: Maswali Tunayoulizwa Mara kwa Mara Mtwara na Lindi

Mimi ni msaidizi wa kisheria wa kujitolea katika kata moja huku Masasi. Wanaokuja kukaa kwenye benchi letu ni akina mama waliobaki na watoto, akina baba waliofiwa, na mabibi walioachiwa wajukuu. Wengine hupiga simu kutoka Ruangwa, Nachingwea, hata Liwale. Maswali yao hayatofautiani sana, kwa hiyo nimeyaandika hapa na kuyajibu kama ninavyoyajibu pale benchini.

Mimi si mjane wala sina talaka, mume kaondoka tu. Nahesabika?

Unahesabika. Shida ni kwamba makaratasi ya ofisi nyingi hayana mahali pa kuandika "singo maza". Yanamjua mjane, mtalaka, kaya maskini na mtoto anayeishi katika mazingira hatarishi. Yule ambaye mume wake alikwenda Kariakoo kufanya umachinga (na neno lenyewe tuliwapa sisi, lilitoka kwa Wamachinga wa Lindi), akatuma hela miezi mitatu kisha simu ikawa haipatikani, hana kisanduku chake kwenye fomu. Ukifika ofisini usihangaike kujipa jina. Anza na mtoto: ana miaka mingapi, anakula nini, anasoma au hasomi, anaumwa au haumwi. Hapo afisa atajua mwenyewe pa kukuweka.

Ustawi wananituma kwa mtendaji, mtendaji ananirudisha ustawi. Nani mkweli?

Wote wakweli, na ndiyo maana inachosha.

Kila ofisi imeshika kipande chake. Matunzo ya mtoto, malezi na ulinzi ni kazi ya afisa ustawi wa jamii. Vikundi na mikopo viko kwa afisa maendeleo ya jamii. Watu huwachanganya hawa wawili, na si ajabu, maana kitaifa wote wako chini ya wizara moja tangu Januari 2022, ile ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum. Ukishuka halmashauri, ustawi umewekwa pamoja na afya na lishe, na maendeleo ya jamii ni divisheni nyingine, mara nyingi jengo jingine. Ruzuku ya kaya maskini ina mratibu wake wa TASAF, ule Mfuko wa Maendeleo ya Jamii. Kipigo na ubakaji ni Dawati la Jinsia na Watoto pale polisi. Cheti cha kuzaliwa ni RITA, barua ya utambulisho ni mtendaji wa kijiji au mtaa, na amri ya kumbana mtu ni mahakama. Hizo ni ofisi saba, na sijataja shule wala zahanati.

Nilimsindikiza mama mmoja mwaka fulani wakati wa masika. Ofisi ya kwanza alieleza habari yake yote, akalia, akafuta uso kwa ncha ya khanga. Ya pili akaeleza bila kulia. Ya tatu karani alikuwa anakunywa chai, akasimulia akiwa amesimama, mtoto mgongoni. Tulipofika ya nne alisema, "Nimeachwa, basi." Katika ile "basi" likapotea jambo ambalo ndilo lilikuwa zito kuliko yote, kwamba mtoto mkubwa alikuwa anapigwa na ndugu wa baba yake. Afisa wa nne hakulisikia, kwa hiyo hakuliandika.

Ushirikiano wa ofisi ninaoutaka mimi si semina wala bango. Ni karatasi itembee badala ya mama. Ofisi ya kwanza ikishakusikiliza, omba ikuandikie barua ya rufaa: imetaja jambo lenyewe, ina namba ya jalada lako, na ina cheo cha anayekupokea. Usikubali kuondoka na maneno "nenda kamwone yule wa kule". Na omba simu ipigwe ukiwa bado umekaa hapo. Maafisa wengi hupiga wakiombwa kwa adabu. Wasipoombwa husahau, kwa kuwa foleni ni ndefu.

Kwani hawa watu hawakutani?

Wanakutana. Chini ya mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, MTAKUWWA, ulioanza 2017/18, kuna kamati za ulinzi wa wanawake na watoto kuanzia kijiji na kata hadi halmashauri na mkoa. Humo wanakaa mtendaji, polisi, mwalimu, mtu wa afya, ustawi, viongozi wa dini. Kwa watoto wadogo, kuanzia sifuri hadi miaka 8, ipo pia programu ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali iliyozinduliwa Desemba 2021, nayo inazitaka sekta zilezile zikae meza moja.

Ukiniuliza mimi, kamati inategemea mtendaji. Mwenye kuandika muhtasari, akasoma kikao kilichopita na kuuliza "yule mtoto wa kitongoji kile amefikia wapi?", kamati yake inafanya kazi. Zipo nyingine ambazo hukumbukwa siku ya posho tu. Wewe muulize mtendaji wako kamati inakaa lini, kisha mwombe jambo lako liwe kwenye ajenda. Huhitaji kuhudhuria.

Baba anamkana mtoto. Naanzia wapi?

Kwa afisa ustawi wa jamii. Atamwita kwa barua, na wengi hukiri hapohapo, kwani kukana mbele ya mkeo ni rahisi kuliko kukana mbele ya meza yenye mhuri.

Akizidi kukana, Sheria ya Mtoto ya 2009 inaruhusu maombi ya kuthibitisha uzazi yapelekwe mahakamani. Anaweza kuyapeleka mzazi, mlezi, mtoto mwenyewe au afisa ustawi. Yanaweza kupelekwa hata kabla mtoto hajazaliwa, na wakati wowote kabla hajafikisha miaka 18. Baba akifa, kuna miaka mitatu. Ushahidi si damu peke yake kama watu wanavyodhani: jina lake kwenye kitabu cha vizazi, sherehe ya mila aliyoifanya kwa ajili ya mtoto, au kukiri kwake hadharani, vyote mahakama huvitazama. Kama alimsimamia mtoto jandoni, watafute waliokuwepo.

Kipimo cha vinasaba hupati kwa kujipeleka. Maombi lazima yatoke kwa mamlaka, kama mahakama au ustawi, kwenda kwa Mkemia Mkuu wa Serikali.

Wazee wanasema huku kwetu mtoto ni wa mjomba, baba hadaiwi. Ni kweli?

Nusu yake ni kweli, na ndiyo inayotumika kuficha nusu nyingine.

Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera tunahesabu ukoo upande wa mama. Mjomba ana sauti katika jando, katika unyago, katika posa. Mimi mwenyewe nilisomeshwa na mjomba, kwa hiyo siwezi kuidharau desturi iliyonivalisha viatu. Lakini desturi ile ilikuwa na mjomba mwenye ghala na shamba jirani. Leo mjomba yuko Mbagala kwenye chumba kimoja, na watoto wake mwenyewe wanamngoja. Baba anayesema "mpeleke kwa mjomba wake" anachukua faida ya mila na kuacha mzigo wake. Kisheria, wajibu wa kumtunza mtoto ni wa wazazi, awe wa ukoo gani.

Ila usimwache mjomba nyumbani. Katika vikao vya usuluhishi nilivyoona, baba aliyemgomea afisa alilegea mjomba alipofungua mdomo.

Matunzo ni shilingi ngapi?

Hakuna bei. Kuna wakati sheria ya zamani ilitaja shilingi 100 kwa mwezi, na bado wapo akina baba wanaoikumbuka kwa furaha. Hiyo ilifutwa na Sheria ya Mtoto ya 2009. Sasa hutazamwa kipato na mali za wazazi wote wawili, majukumu yao mengine, na gharama za maisha za mahali mtoto anapoishi.

Hapa kusini kuna jambo ambalo makaratasi ya mjini hayalijui. Mkulima wa korosho hana mshahara. Ukimwandikia alipe elfu thelathini kila mwezi, atalipa Novemba, atalipa Desemba, na ikifika Aprili utamfuata hadi uchoke, na safari hiyo atakuwa hana kweli. Sisi tumezoea kupendekeza makubaliano yafuate msimu: minada inaanza Oktoba, hela zinaingia benki kupitia chama cha msingi, na shule zinafunguliwa Januari. Basi sehemu kubwa ya mwaka ilipwe kwenye msimu, ya sare, madaftari na chakula cha kuweka ndani. Miezi ya kiangazi na masika aongezee kwa vitu, debe la mahindi au muhogo mkavu. Andikeni kilo na vitu vyenyewe, si "atasaidia kadiri atakavyoweza". Sentensi hiyo imewalaza watoto njaa wengi.

Makubaliano yasainiwe mbele ya afisa, kila mmoja abaki na nakala. Akiyavunja, nakala hiyo ndiyo unayokwenda nayo mahakamani. Mashauri ya watoto husikilizwa faraghani, usiogope kwamba mtaa mzima utajaa ukumbini.

Tuliishi tu pamoja, hakunioa. Nina haki?

Mtoto ana haki ileile, ndoa iwepo isiwepo. Na wewe mwenyewe, Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema mkiishi pamoja miaka miwili au zaidi na watu wakawachukulia mke na mume, dhana ya ndoa inakuwepo mpaka ithibitishwe vingine. Hata dhana ikipingwa, mwanamke aliyeishi hivyo anaweza kuomba matunzo yake na ya watoto. Majirani ndio mashahidi wako, kwa hiyo usigombane nao sasa hivi.

Tumeachana. Mikorosho tulipanda wote ila chama cha msingi kinamjua yeye. Nifanyeje?

Swali hili ndilo linaloniumiza kichwa kuliko yote, na ofisi karibu zote hulipita.

Kwenye daftari la AMCOS, ndicho hicho chama cha msingi cha ushirika, mkulima ni mmoja. Jina lake ndilo linalopata salfa ya pembejeo, ndilo linaloandikwa kwenye stakabadhi ya ghalani, na akaunti yake ndiyo inayoingiziwa hela baada ya mnada. Mama aliyepalilia, akaokota na kuanika hana jina popote. Mwezi wa tisa watoto wanahitaji daftari, anachuma ndoo moja usiku na kuuza kangomba, yaani kwa magendo nje ya mnada, kwa bei ya kutupa. Akikamatwa, anaitwa mhalifu wa kangomba.

Kuna mambo mawili. La kwanza ni mahakama. Ndoa ikivunjwa, mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja hugawanywa, na kazi za nyumbani ni mchango. Mahakama ya Rufani ililisema hilo mwaka 1983 katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, kwa hiyo mtu asikuambie "wewe ulikuwa unapika tu". Kabla ya kufika huko mtapitia baraza la usuluhishi wa ndoa, la kata, la BAKWATA (Baraza Kuu la Waislamu) au la kanisa, nalo likishindwa litoe hati. La pili halingoji mahakama: makubaliano ya ustawi yakitaja shamba, peleka nakala kwa katibu wa chama cha msingi, na umwombe mtendaji wa kijiji aandike barua kwamba sehemu fulani ya shamba unaihudumia wewe, ili usajiliwe kwa jina lako. Vyama vingine hukubali, vingine hukataa. AMCOS haihesabiwi kuwa wakala wa huduma za familia, lakini hapa kwetu chama kinajua kipato cha baba kuliko ofisi yoyote ya serikali. Ningekuwa na uwezo, katibu wake angeitwa kwenye kamati ya kata.

Cheti cha kuzaliwa kinahitaji baba awepo?

Hapana. Mama anaweza kumsajili mtoto peke yake. Watoto chini ya miaka mitano husajiliwa bila malipo, kwenye kituo cha afya au ofisi ya kata, kwa utaratibu wa RITA. Fanya mapema, kabla hajavuka umri huo. Usiandike jina la baba ambaye si baba kwa sababu ya aibu. Utaliona tatizo lake kwenye mirathi.

Singo maza anaingia TASAF moja kwa moja?

Haingii. Kigezo ni umaskini wa kaya. Kaya hutajwa kwenye mkutano wa kijiji, kisha huhojiwa kwa dodoso. Usipohudhuria mkutano, wa kukutaja ni nani? Walio kwenye mpango hulipwa kwa kipindi cha miezi miwili miwili, na sehemu ya ruzuku inategemea mtoto kwenda shule na kliniki. Hapo utaona ofisi zinavyotegemeana: mwalimu asipojaza mahudhurio vizuri, hela inakatwa nyumbani kwako ingawa mtoto alikuwa darasani. Ukikatwa, anza kwa mwalimu.

Na ile mikopo ya halmashauri?

Ni asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Haina riba. Ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024. Ni ya vikundi, wanawake kuanzia watano. Ushauri wangu ni mkali kidogo: usiingie kikundi kilichozaliwa kwa ajili ya mkopo. Mwenzio akikimbilia Dar, deni lake ni lenu, na wewe ndiye usiyeweza kukimbia kwa kuwa una watoto. Anzeni kuweka na kukopa kwenu wenyewe, mwaka mmoja, mjuane.

Utahitaji namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa. Wabanguaji wa korosho, sikilizeni. Mafuta ya ganda yanaunguza ncha za vidole mpaka mistari inafutika. Nimekaa na dada mmoja mbele ya mashine: weka kidole, toa, futa, weka tena. Kijana wa mashine akasema, "Dada, wewe huna vidole." Alirudi baada ya wiki mbili za kupumzika kubangua na kupaka mafuta ya nazi, kikakubali kidole cha pete. Wiki mbili bila kubangua ni wiki mbili bila hela. Panga mapema, usisubiri siku fomu zinafungwa.

Binti yangu alizaa akiwa kidato cha pili. Anaweza kurudi?

Ndiyo. Serikali ilitangaza tarehe 24 Novemba 2021 kwamba wanafunzi waliokatisha masomo kwa kujifungua warudi katika mfumo rasmi. Ada hakuna, kidato cha kwanza hadi cha nne tangu 2016, cha tano na sita tangu 2022. Kinachomzuia ni nani atakaa na kichanga. Hilo lipeleke kwa ustawi na mkuu wa shule kwa pamoja, siku moja, kabla muhula haujaanza. Na kama aliyempa mimba binti yuko mtaani, ni suala la polisi, lisimalizwe kwa mbuzi na pole.

Mimi ni baba, mke wangu alifariki. Ofisini wananicheka.

Kaka, pole. Wapo wanaokuuliza "huna dada?" kana kwamba umekuja na mtoto wa mtu. Sheria ya Mtoto haikutofautishi. Cheti, shule, kliniki, ustawi na TASAF ni vyako pia. Mikopo ya asilimia 10 ndiyo haina fungu la wanaume kama wanaume; uingie kama kijana au mwenye ulemavu. Kwa mtoto wa chini ya miaka saba, mkiwa mmeachana, sheria ya ndoa hudhania kuwa akae na mama, ila dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ajili ya maslahi ya mtoto. Siku ya kliniki nenda mwenyewe. Wahudumu wakikuzoea, ndio watakaokuandikia barua ukihitaji.

Mtoto ameumizwa usiku. Nampigia nani?

Piga 116, simu ya msaada kwa mtoto, bure. Kama anavuja damu au amebakwa, hospitali kwanza, usimwogeshe, na usifue nguo alizovaa. Penye kituo cha mkono kwa mkono, daktari, polisi na ustawi wanakuhudumia sehemu moja, na huko hulazimiki kumfanya mtoto asimulie mara nne. Mimi ndivyo ningependa kila ofisi iwe.

Mnalipwa shilingi ngapi?

Sisi hatudai kitu. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inataka asiye na uwezo ahudumiwe bure. Ofisi yoyote ya serikali ikikudai malipo, iombe namba ya malipo ya serikali. Ikiwa hela ni ya mkononi, "ya karatasi", uliza jina na uondoke.

Nikija nibebe nini?

Kadi ya kliniki, cheti au tangazo la kizazi, namba ya NIDA kama unayo, barua yoyote uliyowahi kupewa hata kama imechanika, na meseji alizokuandikia baba wa mtoto. Usizifute kwa hasira. Chukua daftari dogo la mistari. Kila ofisi utakayofika, andika tarehe, cheo cha uliyemwona na alichokuahidi. Hujui kuandika, mpe mtoto wako mkubwa aandike, au nikuandikie mimi hapo benchini. Njoo asubuhi, kabla jua halijapanda, na mtoto anayenyonya mlete.